Kiondo cha Sauti: Namna ya Kupima na Kuchora Mpatano wa Ala Zetu

Keti karibu na mwanamke anayesuka kiondo sokoni Zombe, Kitui, umtazame mikono tu kwa dakika chache. Anaanzia kwenye kitako. Nyuzi za kusimama zinachomoza kutoka katikati kama miale ya jua, na uzi mwingine unazipitia mmoja baada ya mwingine, ukizunguka. Uzi huo hauishii pale ulipoanzia. Kila ukimaliza mzunguko unarudi kwenye uzi uleule wa kusimama, ila safu moja juu zaidi.

Muziki nao umesukwa hivyo. Pandisha sauti yako taratibu bila kuikata, kutoka chini kwenda juu. Utafika mahali ambapo sikio lako litakuambia kwamba umerudi kwenye mlio wa mwanzo, ingawa umepanda. Wanaume na wanawake wakiimba wimbo mmoja kanisani, hawa chini na wale juu, hakuna anayesema zinaimbwa nyimbo mbili. Wako kwenye uzi mmoja wa kusimama, safu tofauti. Mzunguko huo mmoja ndio wanamuziki wanaouita okteva.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa muziki, kijana wa bendi, na mjukuu yeyote wa Kitui au Makueni ambaye nyumbani kwao kuna mzee anayepiga ala ya asili. Utajifunza kupima milio ya ala hiyo, kuichora kwenye duara, na kuijengea kiunzi cha mabua kinachoonyesha undugu wa milio. Hesabu yake haizidi ile ya kikokotoo cha simu.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimewahi kumwona mwalimu mmoja, kwa nia njema kabisa, akivuta nyuzi za zeze la mzee hadi zilingane na kinanda cha umeme, wanafunzi wajiandae na mashindano. Zeze lilikubali. Lakini mpatano aliokuwa nao mzee yule maisha yake yote ulipotea asubuhi ile, na hakuna aliyekuwa ameuandika.

Vifaa

- Ubao wa urefu wa sentimita 110 hivi, na misumari miwili.
- Waya mmoja mwembamba uliochomolewa kwenye kebo ya breki ya baiskeli, au uzi wa nailoni wa kuvulia samaki.
- Vijiti viwili vya kuwa madaraja ya waya, na kibuyu kikavu cha kukuza sauti.
- Futikamba ya fundi cherehani.
- Utepe wa karatasi ngumu wa sentimita 60 kamili.
- Mabua makavu ya mtama au mahindi, na udongo wa mfinyanzi.
- Simu yenye kikokotoo na programu ya kupimia sauti. Chagua ile inayoonyesha hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Hatua ya 1: Sikiliza milio iliyomo ndani ya waya

Funga waya kwenye misumari, uukaze, kisha weka madaraja ili sehemu inayolia iwe sentimita 90 kamili. Egemeza ubao juu ya kibuyu. Upige waya wazi. Huo ndio mlio wa msingi.

Sasa gusa waya katikati kabisa, kwenye sentimita 45, kwa ncha ya kidole tu, bila kuukandamiza ubaoni. Piga karibu na daraja na uondoe kidole papo hapo. Utasikia mlio mwembamba, okteva moja juu ya ule wa msingi. Mlio huo ulikuwa ndani ya waya tangu mwanzo. Waya unapotetemeka wote, nusu zake pia zinatetemeka kwa kasi maradufu, theluthi zake kwa kasi mara tatu, robo zake mara nne, na kuendelea. Kidole chako kinanyamazisha sauti nyingine tu ili ile iliyofichika isikike. Katika mwongozo huu tutaziita sauti hizo milio ya ndani.

Endelea kugusa kwa vipimo hivi kutoka darajani:

- Mlio wa 3: sentimita 30
- Mlio wa 4: sentimita 22.5
- Mlio wa 5: sentimita 18
- Mlio wa 6: sentimita 15
- Mlio wa 7: sentimita 12.9
- Mlio wa 8: sentimita 11.25
- Mlio wa 9: sentimita 10

Ukisogeza kidole hata nusu sentimita, mlio unakufa. Chukua muda kwenye mlio wa 7. Anayetoka kwenye kinanda huusikia kama umelegea kidogo. Haujalegea. Uko pale hasa waya wenyewe unapoutaka, na kinanda hakina kitufe chake. Uimbe mara kumi mpaka koo liuzoee, kwa maana kazi yote inayofuata inauzunguka mlio huu.

Hatua ya 2: Chora duara la sentimita 60

Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alipendekeza okteva igawanywe katika sehemu 1200 zinazoitwa senti, ili mipatano ya mataifa mbalimbali ilinganishwe kwa kipimo kimoja. Utepe wetu wa sentimita 60 unazibeba senti hizo vizuri: kila milimita ni senti 2. Gitaa na kinanda hugawa okteva katika hatua 12 zilizo sawa, kila moja senti 100. Kwa hiyo chora kistari cheusi kila baada ya sentimita 5. Hizo ndizo nyuzi za kusimama za gitaa.

Sasa chukua kalamu nyekundu uweke milio ya ndani. Kanuni yake ni hii: gawanya mtetemo wa mlio kwa mtetemo wa msingi. Jibu likizidi 2, ligawanye kwa 2, na likiwa chini ya 1, lizidishe kwa 2, mpaka liwe kati ya 1 na 2. Tafuta log ya jibu hilo, igawanye kwa log ya 2, kisha zidisha kwa 60. Unapata sentimita za kupima kwenye utepe. Kwa mlio wa 7: 7 kwa 4 ni 1.75, log yake ni 0.2430, gawanya kwa 0.3010, zidisha kwa 60. Jibu ni sentimita 48.4.

Yote kwa pamoja ni haya:

- Milio ya 4 na 8: mwanzo wa utepe, sentimita 0.
- Mlio wa 9: sentimita 10.2. Gitaa liko 10.
- Mlio wa 5: sentimita 19.3. Gitaa liko 20.
- Mlio wa 6: sentimita 35.1. Gitaa liko 35.
- Mlio wa 7: sentimita 48.4. Gitaa liko 50.

Gundisha ncha za utepe uwe duara, kisha uvalishe kwenye mkebe au kiondo kidogo. Tazama sasa. Kwenye mlio wa 6 wino mweusi na mwekundu vimegusana, tofauti ni milimita moja. Kwenye mlio wa 5 vimeachana milimita 7. Kwenye mlio wa 7 kuna pengo la sentimita moja na milimita sita, upana wa kidole. Ule ulegevu uliousikia katika hatua ya kwanza sasa unaweza kuuwekea rula.

Kama unataka kuthibitisha kwa sikio, ukaze waya mpaka mlio wa ndani wa 7 usome hezi 385, kisha mwenzako abonyeze kwenye kinanda noti ya hezi 392, ile G iliyo juu ya C ya katikati. Milio miwili ikilia pamoja utasikia sauti ikipanda na kushuka mara saba kila sekunde. Mawimbi hayo ndiyo pengo la upana wa kidole, safari hii likisikika.

Jirani yetu aliyejenga nyumba juu ya mlio wa 7

Usidhani haya ni mambo ya maabara. Dodoma, katikati ya Tanzania, Wagogo wamejenga uimbaji wao juu ya milio ya ndani kuanzia wa 4 hadi wa 9 na zaidi. Mtafiti wa Austria Gerhard Kubik aliuchunguza muziki huo kwa miaka mingi akaeleza utaratibu wake. Waimbaji wanaoimba pamoja huruka mlio mmoja katikati: wa 4 na wa 6, wa 5 na wa 7, wa 6 na wa 8, wa 7 na wa 9. Ukiziimba jozi hizo nne kwa kufuatana utatambua mara moja ladha ya kwaya ya Kigogo.

Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliichukua ladha hiyo kwa sauti yake, zeze lake na ilimba yake, ala ya vibati, kutoka Dodoma hadi Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kutoka huko akazunguka dunia. Msikilize kwa makini ukiwa na duara lako mkononi. Wala usiulize kama ametoka nje ya noti. Uliza amesimama kwenye kistari kipi, cheusi au chekundu.

Hatua ya 3: Jenga kiunzi cha mabua

Duara linaonyesha umbali wa milio, lakini halionyeshi undugu wake. Milio miwili inaweza kukaa karibu kwenye duara na isiwe na uhusiano wowote. Kwa hili tunahitaji kiunzi.

Finyanga vibonge vitano vya udongo, kisha kata mabua manne ya urefu sawa. Chagua njia tatu: kulia, mbele na juu. Kila hatua ya kulia maana yake zidisha kwa 3. Kila hatua ya mbele, zidisha kwa 5. Kila hatua ya juu, zidisha kwa 7. Okteva tunaziacha, kwa kuwa duara limeshazishughulikia.

1. Weka kibonge cha kwanza mezani. Huo ni mlio wa msingi, na pia wa 2, wa 4 na wa 8.
2. Chomeka bua kulia, weka kibonge: mlio wa 3, na pia wa 6. Chomeka bua jingine kulia zaidi: mlio wa 9.
3. Rudi kwenye msingi, chomeka bua la mbele: mlio wa 5.
4. Rudi tena kwenye msingi, simamisha bua la juu: mlio wa 7.

Hiyo ndiyo ngazi ya Kigogo ikiwa imesimama mezani. Kila kibonge ukikifuata kwa mabua kinakurudisha kwenye msingi. Mlio wa 9 na wa 7 iko mbali, hatua tatu kutoka mmoja hadi mwingine, na bado inapatana waimbaji wakikutana, maana yote imezaliwa na mlio mmoja. Hapo ndipo kiunzi kinapokufundisha lile ambalo duara lililificha.

Mwanahisabati wa Uswisi Leonhard Euler alichora wavu wa namna hii mwaka 1739, kwa njia mbili tu, ya 3 na ya 5. Wavu wa karatasi unatosha kwa nyimbo nyingi za Ulaya. Ukitaka kuweka mlio wa 7 mahali pake halali, karatasi haitoshi tena. Lazima bua lisimame.

Jaribu na hili. Endelea kuongeza mabua ya kulia mpaka yafike 12, ukihesabu kila kibonge kwa kanuni ya hatua ya pili. Kwenye gitaa, hatua ya kumi na mbili inarudi mwanzoni kabisa. Kwenye waya wako haitarudi: itapita mwanzo kwa senti 23 na nusu, karibu sentimita 1.2 za utepe. Gitaa limepunguza kidogo kila hatua ili mduara ufunge. Hilo si kosa. Ni makubaliano yanayoliwezesha kupiga katika noti yoyote ya kuanzia. Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers, na Peter Mwambi na Kyanganga Boys, waliyatumia makubaliano hayohayo kulifanya gitaa lizungumze Kikamba miaka ya 1970 na 1980. Gitaa ni ala kamili. Tatizo linaanza pale linapofanywa hakimu wa ala nyingine.

Hatua ya 4: Nenda kwa mzee

Usiende mikono mitupu, wala usianze na simu. Salimia, keti, sikiliza wimbo mmoja hadi mwisho. Kisha eleza unachotaka na uombe ruhusa ya kurekodi. Iwapo ni susu, yaani bibi, anayeongoza nyimbo, omba ruhusa yake na ya kikundi chake, hasa kwa nyimbo za kilumi, ngoma ya tambiko ya Wakamba, ambazo zina heshima zake na si za kuchezewa. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Mpatano wa zeze ni sehemu ya mali hiyo, na mwenyewe ana haki ya kusema hapana.

Ukikubaliwa, fuata utaratibu huu:

1. Pima asubuhi, chini ya kivuli. Jua la Zombe hulegeza waya, na usomaji wa saa saba hautalingana na wa saa mbili.
2. Mwombe mzee apatanishe ala yake mwenyewe, kama afanyavyo kabla ya kucheza. Usiguse kitu.
3. Apige kila mlio peke yake mara tano. Andika hezi za kila pigo, kisha chukua namba ya katikati. Kwenye filimbi hili ni muhimu zaidi, kwa sababu pumzi hupandisha na kushusha sauti.
4. Muulize ni mlio gani anaouona kuwa mama wa mingine. Huo ndio msingi wako, hata kama si wa chini kuliko yote.
5. Hifadhi rekodi kwenye faili kamili, si ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao hupunguzwa ubora. Andika jina la ala kwa Kikamba kama mzee anavyolitamka, mahali na tarehe.

Kazi hii ina wazee wake. Mtafiti Hugh Tracey alipita Kenya mwaka 1950 na 1952 akirekodi muziki, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, ambayo ipo hadi leo. Alibeba uma za sauti na mitambo mizito kwenye gari. Wewe una simu mfukoni.

Hatua ya 5: Soma umbo

Weka vipimo vya mzee kwenye utepe mpya. Badala ya nukta, chora mstari mnene wa milimita tano, kwa kuwa hakuna mkono wa binadamu unaorudia pigo lilelile bila tofauti. Kisha linganisha.

Zungusha utepe wa ala moja juu ya utepe wa nyingine. Iwapo mistari yote inaangukiana baada ya kuzungusha, ala hizo zina mpatano mmoja hata kama moja ni nzito na nyingine nyembamba. Umbo ni lilelile, limehama tu. Huu ndio uzuri wa kupima kwa maumbo: unaweza kulinganisha zeze la Zombe na la Makueni bila kuyakutanisha.

Mistari ikiangukia kwenye wino mwekundu, jenga kiunzi cha mabua chake. Isipoangukia, usiilazimishe. Si kila mpatano umezaliwa na milio ya ndani. Mtafiti Klaus Wachsmann alipopima ala za Uganda alikuta Waganda wanaigawa okteva katika hatua tano zinazokaribia kuwa sawa, yaani kama senti 240 kila moja. Kwenye utepe wako ni kistari kila baada ya sentimita 12. Mpatano huo unakaa vizuri kwenye duara na haukai kabisa kwenye mabua, na hauna upungufu wowote. Una msingi mwingine.

Makosa ya kuepuka

Usitafute milio ya ndani kwenye ngoma au kwenye vibati vya ilimba kama ulivyofanya kwenye waya. Kibati kilichobanwa upande mmoja hakifuati hesabu ya 1, 2, 3. Mlio wake wa pili uko zaidi ya mara sita juu ya ule wa kwanza. Pima mlio wake mkuu tu.

Usiiamini programu ya simu inapokuandikia jina la noti. Ukipiga hezi 385 itakuambia ni G iliyoshuka senti 31. Soma hezi, acha jina.

Na usirekebishe kabla ya kupima. Iwapo wanafunzi wanapaswa kuimba na kinanda, waimbe. Lakini utepe wa mzee uwe umeshachorwa na kutundikwa ukutani.

Anza wiki hii

Ubao na waya vinakamilika kwa jioni moja, utepe kwa saa moja, mabua yako shambani. Kisichosubiri ni mzee. Kila msimu anaondoka mmoja, na ala yake inabaki imening'inia ukutani ikiwa imelegea nyuzi, bila mtu anayejua zilikazwa hadi wapi. Kipande kimoja cha karatasi cha sentimita 60, chenye mistari mitano na jina la ala, kinatosha kumwezesha mjukuu asiyezaliwa bado kuzikaza tena mahali pake. Nenda ukakichore.